Mama mkwe amepona malaria, lakini kila alfajiri analowa jasho

Shikamoo shangazi,

Naishi Igoma, hapa Mwanza, na mume wangu na watoto watatu. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anaonekana siku chache kwa mwezi. Mama yake ana miaka 63, kwao ni Ukerewe, na alikuja kwetu mwezi uliopita kwa ajili ya miadi ya kliniki. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Anakunywa metformini asubuhi na jioni, na saa 3 usiku anajichoma insulini yuniti 14. Huko kisiwani umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo insulini anaihifadhi kwenye chungu chenye mchanga uliolowanishwa, na sukari yake ilikuwa haitusumbui.

Wiki moja baada ya kufika homa ikamshika, akawa anatapika na kuharisha. Akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto. Kasheshe ikaanzia hapo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu anayeishi Buzuruga, ndiye anayelipia matibabu ya mama. Alikuja akanikuta naandaa sindano, akasema, "Mtu hajala tangu jana, unamchoma insulini ya nini? Unataka kumuua?" Akaamuru dawa zote za sukari zisimame mpaka mama aanze kula. Mimi ni mkwe, shangazi, nikanyamaza. Majirani wakaja kumwona, huyu na soda, yule na glukosi ya unga, wakisema mwili umeishiwa nguvu. Siku ya pili jioni mama akawa anasinziasinzia na kuomba maji kila mara. Nikampima sukari, kipimo kikasoma 24.6, juu mno. Akalazwa siku tatu, akawekewa dripu. Metformini ikasimamishwa na insulini ikapandishwa hadi yuniti 20.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wa zamu aliongea na shemeji mlangoni. Karatasi tuliyopewa ina majina ya dawa na namba tu, na tarehe ya kurudi ni mwezi ujao.

Sasa ni wiki ya pili tangu atoke hospitali. Anakula, ingawa bado ni kidogo kuliko zamani. Nampima kabla ya chakula cha mchana, inasoma 6 au 7, na shemeji anafurahi, anasema yuniti 20 ndiyo dozi yake halisi. Lakini usiku wa tatu huu mfululizo, kwenye saa 10 alfajiri, mama anaamka kalowa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Juzi aliniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki. Nampa chai ya maziwa yenye sukari, anatulia, tunalala. Shemeji anasema malaria imerudi. Jana alimpeleka zahanati ya jirani, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria kweli, akanunua dozi nyingine ya mseto. Kupima sukari usiku hataki hata kusikia, anasema stripu ni ghali na tumeshazimaliza nyingi.

Je, anywe mseto tena? Metformini airudie? Na siku akiugua tena, dawa zisimame au ziendelee? Maana mimi na shemeji hatutaelewana. Mama mwenyewe anataka kurudi Ukerewe Jumamosi.

Mkwe wa Igoma

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nitakujibu yote, ila nitaanza na ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo la leo. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa saa 10 alfajiri, kwa mtu aliyechoma insulini saa 3 usiku, ni sukari iliyoshuka mpaka ithibitike vinginevyo. Na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe: anakunywa chai ya sukari, anatulia. Malaria haitulizwi na chai.

Mwili unapopambana na ugonjwa, iwe malaria, mafua au jipu, hutoa homoni zinazoliamuru ini limwage sukari kwenye damu, na homoni hizohizo huifanya insulini isifanye kazi yake vizuri. Ndiyo maana mama yako hakuwa ameweka tonge mdomoni na bado alifika 24.6. Hospitali walimpandishia dozi, na kwa siku zile walifanya sawa. Lakini malaria imeondoka, ini limetulia, chakula bado ni kidogo, na yuniti 20 zimebaki palepale. Dozi ya siku za ugonjwa sasa inachomwa kwa mtu aliyepona.

Sikuambiwa ni insulini gani. Kama ni ile yenye rangi ya maziwa, inayoviringishwa mikononi kabla ya kuvutwa kwenye bomba la sindano, basi nguvu yake hukolea saa kadhaa baada ya kuchomwa, yaani usiku wa manane kuelekea alfajiri. Kufika mchana imeshapungua, mama ameshakunywa chai yako usiku na uji asubuhi, na unapopima unaona 6 au 7 inayopendeza. Namba hiyo ni ya kweli. Haina habari tu ya kilichotokea saa 10.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya sindano ya saa 3 usiku, mama aonwe. Bugando na Sekou Toure zote zina kliniki ya kisukari. Foleni ikikutisha, nenda kituo chochote cha afya chenye daktari. Usisubiri tarehe ya kwenye karatasi. Ukifika sema hivi, bila kupamba: alikuwa yuniti 14, akapandishwa hadi 20 alipolazwa na malaria, metformini ikasimamishwa, sasa amepona, na usiku wa tatu mfululizo anatokwa jasho na kuchanganyikiwa alfajiri. Neno kuchanganyikiwa usiliache. Kutetemeka mtu hujitibu mwenyewe kwa kijiko cha sukari. Akishachanganyikiwa anamtegemea aliye macho, na kuna usiku ambao hutakuwa macho. Usipunguze dozi kwa kukisia, wala usiifute kabisa ukadhani umemwokoa. Mwenye kuandika dozi aibadilishe leo, na aandike.

Usiku wa leo, na wa kesho na keshokutwa, stripu zitumike pale zinapostahili: kabla ya sindano, saa 9 usiku, na anapoamka. Ile ya kabla ya chakula cha mchana iache kwa sasa, nayo itafidia gharama inayomuuma shemeji. Ikisoma chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, mpe kitu cha kukaa tumboni: kipande cha mkate, kiazi, uji kidogo. Chai ya maziwa si mbaya, lakini mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwa dakika zile tunataka haraka. Ukimkuta na dalili na stripu hamna, mpe sukari kwanza, mabishano baadaye. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Sasa hicho kipimo cha malaria. Vipimo vingi vya haraka husoma protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha malaria leo akiwa mzima kabisa. Anayeweza kuamua hapo ni mtu wa maabara mwenye hadubini, anayetazama vimelea vyenyewe. Nunua pia kipimajoto, ni kitu cha bei nafuu, na mpime mama saa ileile ya jasho. Mwili wa baridi uliolowa na njaa ya ghafla ni mambo ya sukari. Homa ya malaria huonekana kwenye kipimajoto.

Lakini shemeji yako tusimdhulumu. Ulisema mama alikuwa anatapika alipoanza mseto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, vidonge 24 kwa jumla, na hufyonzwa vizuri vikinywewa na chakula chenye mafuta kidogo. Kama vingine vilitoka na matapishi, au vilimezwa tumbo tupu, malaria kubaki ni jambo linalowezekana. Kwa hiyo leo mwombe daktari apime damu kwa hadubini. Vimelea vikionekana, yeye ndiye atakayechagua dawa. Hiyo dozi ya kabatini ikae kwanza.

Tuje kwenye ugomvi wenu. Mnabishana dawa zisimame au ziendelee, kana kwamba dawa za sukari ni kitu kimoja. Metformini na insulini, mtu akitapika na kuharisha, hazifuati njia moja.

Metformini hupumzishwa. Mtu anayepoteza maji mengi figo zake hulegea, dawa hiyo hulimbikizana, na inaweza kuchangia damu kujaa asidi. Kwa kawaida hurudishwa akishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Yenu imekaa wiki mbili kwa sababu hakuna aliyeambiwa lini arudie, au aliambiwa shemeji mlangoni na ikaishia mlangoni. Swali hili liende kwa daktari yuleyule wa leo. Huenda akataka kuangalia figo kwanza, na hatapenda kuirudisha juu ya yuniti 20 zilezile. Kama mama ana vidonge vya presha, hasa vya kukojoza, uliza navyo vifanyweje siku za kuharisha.

Insulini haisimamishwi kwa sababu tu mtu hajala. Shemeji anaamini kazi yake ni kushusha sukari ya chakula, na hapo ndipo anapokosea, ingawa wanaoamini hivyo ni wengi, hata wodini niliwakuta. Sehemu kubwa ya kazi ya sindano ya usiku ni kulizuia ini lisimwage sukari, na siku ya homa ini ndilo linalomwaga kuliko siku zote. Kinachoweza kubadilika ni kiasi, na kiasi huamuliwa kwa kipimo: siku ya kuumwa apimwe kila baada ya saa nne hivi, na namba hizo apigiwe mtu wa kliniki.

Wasomaji wengine ambao wazee wao wanatumia vidonge vya sukari vya glibenklamidi au gliklazidi, kwenu hofu ya shemeji huyu ina ukweli zaidi. Vidonge hivyo huisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala, na vinaweza kumwangusha. Hatari huongezeka akipewa Septrin, au siprofloksasini inayotolewa kwa mkojo mchafu na taifodi. Na kwinini hushusha sukari hata bila kidonge cha kisukari. Ukifika dirisha la dawa taja kwamba mgonjwa ana kisukari na taja anachomeza. Mwuza dawa hawezi kuliona hilo usoni.

Wageni wako na soda zao walikuja kwa upendo, na soda moja iwekwe kabatini kwa ajili ya saa 10 alfajiri. Siku ya kuumwa, sukari ikiwa juu, tuseme imepita 15, anachohitaji ni maji, chai kavu isiyo na sukari, na supu. Mko Mwanza, supu ya sato haiwezi kuwashinda: ina maji, ina chumvi, na mtu aliyechoka kutapika huipokea akiwa amekataa kila kitu. Anywe mafunda machache kila baada ya dakika chache, kufikia nusu kikombe au kikombe kwa saa, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo aliowekewa kikomo cha maji. Sukari ikiwa chini na chakula hakipiti, hapo ndipo soda, juisi au uji wenye sukari kidogo huingia, kwa sababu insulini iliyomo mwilini inahitaji kitu cha kufanyia kazi.

Watu wa kisukari huogopa ORS, ule unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, kwa kuwa ina glukosi. Wasiiogope. Lita nzima ina gramu 13.5 za glukosi. Chupa moja ndogo ya soda inazidi mara mbili ya hapo. Anayeharisha aipewe. Glukosi ya unga ya kopo ni kitu kingine, hiyo ni sukari tupu. Na dripu, maana sisi tunaipenda dripu kama vile ndani yake kuna chakula, nayo ina aina zake, na mojawapo ni maji ya glukosi. Kabla haijatundikwa, sema ana kisukari.

Kuna hali ambazo hazisubiri kikao cha familia: anatapika kila anachokunywa kwa saa nne au zaidi, anasinzia asiamke vizuri, anapumua haraka na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, pumzi inanuka kama tunda lililoiva sana, au sukari inabaki juu ya 15 vipimo viwili mfululizo na dawa amepata. Kipimo kikiandika HI badala ya namba, maana yake imepita uwezo wake wa kusoma. Hospitali wanaweza kupima ketoni kwenye mkojo, yaani asidi zinazojaa mwilini insulini inapopungua, ombeni.

Kuhusu shemeji, mwanangu, sikushauri ushindane naye. Yeye ni mkubwa, analipa, na hofu yake kwamba insulini itamuua mama usiku ilikuwa na msingi. Ilitangulia wiki kama mbili tu kabla ya wakati wake. Mwombe leo mwende naye. Mbele yake mwombe daktari aandike kwenye daftari la kliniki mambo manne: dozi ya siku za kawaida, nini kifanyike siku hajala, namba gani ya juu na ya chini inawaleta hospitali, na simu ya kupiga. Ikishaandikwa na daktari, siku ya homa ijayo hutamjibu wewe. Utafungua daftari, utamsomea. Mume wako naye apigiwe simu leo, popote alipo, aongee na kaka yake kabla hamjaondoka nyumbani. Kuwa njiani hakumwondolei hilo.

Kula kwa kurudisha mwili, nenda taratibu. Najua sasa kila anayekuja anataka mama anywe uji wa lishe uliokolezwa sukari na karanga, na michembe ya kutoka kwao ndiyo hiyo kwenye mfuko. Ale, amepungua. Lakini viazi vitamu vilivyokaushwa hubaki na wanga wake wote, maji tu ndiyo yametoka, kwa hiyo konzi moja ni kiazi kikubwa kuliko macho yanavyoona. Samaki, maharage na mboga vitamjenga bila kuuvuruga mpango wa dozi.

Ukerewe Jumamosi, hapana. Dozi ikibadilishwa leo, atahitaji usiku kadhaa wa kupimwa saa 9, na kule yuko peke yake. Namba zikitulia, aende, insulini ikiwa kwenye mkoba wake wa mkononi kivukoni na si kwenye mzigo ulioachwa juani, na sukari mfukoni kwa ajili ya safari. Kichupa kilichofunguliwa kisizidi wiki nne hivi, hata chungu kiwe kizuri namna gani. Wakubaliane kabisa na jirani mmoja wa kule ni nani atampeleka hospitali ya Nansio kukiwa usiku, maana kivuko cha kuja Mwanza hakitakuwepo.

Na kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako yote hakuulizwa neno. Mama amejichoma sindano miaka mingi, ameitunza insulini bila friji, na sukari haikumsumbua mpaka alipofika mjini tukaanza kumwamulia. Muulize anajisikiaje kabla ya lile jasho: anaota ndoto mbaya, kichwa kinamuuma asubuhi, njaa inamwamsha? Nenda na majibu hayo kwa daktari leo, na daftari la namba umkabidhi mama mwenyewe alishike.